Paa la Nyumba na Paa wa Maweni: Umeme wa Jua na Uoto wa Asili wa Unguja

Mtaa wa Kikwajuni, ulioko Ng'ambo, nje kidogo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, unabeba jina linalomkumbusha msikilizaji mkwaju, mmojawapo wa miti ya asili ya Afrika. Hata hivyo, mtu asimamaye leo mahali palipoinuka katika mtaa huo huona zaidi mabati, saruji na matangi ya maji kuliko miti. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki walisaidia kujenga hapo majumba ya ghorofa, na pembeni mwake zimezagaa nyumba nyingi za kawaida. Mapaa yote hayo hupigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri, na joto lake hupotea bure.

Kiasi cha kilomita 35 kusini-mashariki ya hapo, karibu na Jozani, ardhi ni ya namna nyingine kabisa. Ni mawe ya matumbawe yaliyofunikwa na vichaka vizito, na ndani ya vichaka hivyo anaishi mnyama mdogo mwenye haya, aitwaye paa nunga.

Lugha ya Kiswahili imempa mnyama huyu na sehemu ya juu ya nyumba jina moja. Kwa muda mrefu jambo hilo lilikuwa ni mfanano wa maneno tu. Sasa, Zanzibar inapotafuta umeme wa jua, paa la nyumba na paa wa maweni wameingia katika hesabu moja. Kila mita ya mraba ya paneli isiyowekwa juu ya paa la nyumba hapana budi iwekwe juu ya ardhi. Na ardhi hiyo huenda ikawa ndiyo makazi ya paa wa maweni. Madhumuni ya somo hili ni kuonyesha jinsi hesabu hiyo inavyoweza kufanywa bila ya kumdhulumu yeyote kati ya hao wawili.

Umeme wa Unguja watoka wapi

Unguja haina mito mikubwa ya kuzungushia mitambo ya umeme, wala haina makaa ya mawe. Tangu mwaka 1980 kisiwa hiki kimekuwa kikipata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya mnene uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza uliweza kupitisha megawati 45. Kwa kuwa kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja, hitilafu moja ilitosha kukitia gizani. Mwezi Mei mwaka 2008 umeme ulikatika kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Mwezi Desemba mwaka 2009 ulikatika tena, na haukurejea hadi mwezi Machi mwaka 2010. Katika vipindi hivyo pampu za maji zilisimama, watu wakatafuta maji kwa ndoo, na jenereta za mafuta zikanguruma mbele ya maduka.

Mwaka 2013 waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi. Hali ikawa nafuu, lakini asili ya tatizo haikuondoka: chanzo cha umeme kiko ng'ambo ya bahari, na matumizi yanazidi kukua pamoja na mji na mahoteli. Kwa sababu hiyo, mradi wa nishati wa Zanzibar ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 ulipanga, miongoni mwa mambo mengine, kituo kikubwa cha umeme wa jua cha megawati 18 pamoja na betri za kuhifadhia umeme.

Paneli ya jua hufanya kazi kwa kanuni iliyo rahisi kuieleza. Ndani yake mna vipande vyembamba vya silikoni. Nuru inapovipiga, baadhi ya elektroni hupata nguvu ya kutoka mahali pake na kutembea upande mmoja. Na mwendo huo wa elektroni ndio umeme. Hakuna moshi, hakuna kelele, wala hakuna sehemu inayozunguka. Lakini paneli inahitaji kitu kimoja ambacho jenereta haikihitaji kwa wingi, nacho ni nafasi.

Uwanda na maweni si ardhi tupu

Wenyeji wa Unguja wamekwisha kuigawa ardhi yao kwa majina tangu zamani, kabla ya wataalamu wa udongo kuja na ramani zao. Upande wa magharibi na katikati kuna udongo wenye kina, kama vile kinongo na kichanga, ambamo hustawi minazi, mikarafuu na mihogo. Upande wa mashariki na kusini kuna maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe ya kale yaliyoota chini ya bahari na kubaki nchi kavu bahari ilipoteremka. Baina ya hizo mbili kuna uwanda, yaani ardhi tambarare yenye udongo mwembamba, ambapo majani na vichaka vifupi huota, na ng'ombe hulishwa.

Mgeni apitaye kwa gari huweza kudhani kwamba uwanda na maweni ni ardhi isiyo na kazi. Haoni mashamba yaliyonyooka, wala haoni nyumba. Mawazo kama hayo ndiyo yaliyoziangamiza nyanda nyingi za majani duniani. Katika majimbo ya kati ya Marekani, nyanda za majani marefu zilizoenea hadi upeo wa macho zilionekana kuwa ni ardhi inayongojea jembe. Leo imebaki chini ya asilimia 4 ya nyanda hizo, na wanasayansi wanahangaika kurudisha mimea ambayo babu zao waliing'oa.

Mambo matatu yafaa yajulikane juu ya uoto wa maweni na uwanda.

Kwanza, udongo wake hauko juu ya mwamba kama mkeka uliotandikwa. Umo ndani ya mashimo na nyufa za mwamba. Mdaa, mkaaga na mkwamba huingiza mizizi yake katika nyufa hizo. Majani yakianguka huoza papo hapo na kuwa udongo mpya. Tingatinga likisawazisha ardhi ya namna hii, halihamishi udongo kidogo tu. Huvunja vyungu ambavyo udongo umehifadhiwa ndani yake. Shamba la kinongo lililofyekwa huweza kurudi kuwa kichaka baada ya miaka michache. Maweni yaliyosagwa hayarudi kwa urahisi.

Pili, mawe hayo yenye matundu ndiyo mlango wa maji. Mvua ikinyesha huzama na kuingia katika akiba ya maji ya ardhini, ambayo kisiwa hiki chote hukitegemea kwa visima vyake. Kivuli cha mimea hupunguza maji yanayorudi hewani kama mvuke.

Tatu, humo mna viumbe ambao ni vigumu kuwapata mahali pengine. Paa nunga, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Cephalophus adersi na aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1918, hupatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu. Kima punju, mwenye mgongo mwekundu, ni wa Zanzibar peke yake. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba wamesalia zaidi kidogo ya 5,800. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa rasmi mwaka 2004, na Msitu wa Hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe huwalinda baadhi yao. Lakini mnyama hajui kusoma mbao za mipaka. Wengi hutembea na kula katika vichaka vya vijijini, nje ya hifadhi.

Hatari mbili zinazokabiliana

Huenda mtu akasema: ikiwa uoto huu una thamani hivyo, basi na uachwe, na miradi ya umeme isitishwe. Kauli hiyo haisaidii, kwani ukosefu wa nishati nao unakula msitu. Jamaa nyingi za mjini na mashamba hupika kwa kuni na makaa, na sehemu kubwa ya kuni hizo hukatwa maweni. Kwa hiyo gunia la makaa linalouzwa mjini lilikuwa kichaka, na pengine kichaka hicho kilikuwa malisho ya paa nunga. Nishati safi iliyo nafuu, ikifika jikoni, yaweza kuwa mlinzi wa msitu kupita askari wa hifadhi.

Basi zipo hatari mbili. Nishati isipokuwapo, msitu huliwa kidogo kidogo. Nishati ikiwekwa mahali pasipostahili, msitu hufyekwa kwa siku moja. Kazi ya sayansi ni kutafuta njia ipitayo katikati.

Hesabu ya eneo

Jua la saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, huleta kiasi cha wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba. Paneli nzuri ya siku hizi hugeuza takriban sehemu moja katika tano ya nguvu hiyo kuwa umeme, yaani wati 200.

Ichukuliwe nyumba yenye paa la mita za mraba 100. Si paa lote liwezalo kutumika: pana kivuli, pana tangi, pana nafasi ya fundi kupita. Mita za mraba 60 zikitumika, hesabu itakuwa:

60 × 200 = wati 12,000, yaani kilowati 12.

Kituo cha megawati 18 ni sawa na kilowati 18,000. Idadi ya mapaa yanayohitajika basi ni:

18,000 ÷ 12 = mapaa 1,500.

Kituo hicho kikijengwa juu ya ardhi, kila megawati huhitaji kiasi cha hekta 1 hadi 2, kwa sababu safu za paneli huachiwa nafasi baina yake. Ikichukuliwa hekta 1.5:

18 × 1.5 = hekta 27.

Unguja ina ukubwa wa zaidi ya hekta 160,000. Mwanafunzi mwepesi wa hesabu atauliza mara moja: hekta 27 ni nini mbele ya hekta 160,000? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha somo hili. Kinachotazamwa ni hekta zipi zimechukuliwa, wala si ngapi peke yake. Hekta 27 za machimbo ya mchanga yaliyokwisha kuachwa hazimpotezei mtu wala mnyama kitu. Hekta hizo hizo, zikikatwa katikati ya ukanda wa vichaka unaounganisha misitu miwili, huweza kuitenga jamii ya wanyama ikawa makundi mawili dhaifu. Aidha, kituo hakiji peke yake. Huja na uzio, na paa nunga hawezi kuupita. Huja na barabara, na barabara hiyo humfungulia njia mchoma makaa. Huko Jozani kima punju wengi waligongwa na magari mpaka matuta yalipowekwa barabarani ili kupunguza mwendo. Njia ya gari, ambayo eneo lake ni dogo sana, ilikuwa na madhara makubwa kuliko upana wake.

Mafunzo kutoka Kenya

Nchi jirani ya Kenya imekwisha kuonja matamu na machungu ya jambo hili.

Katika nyanda za juu za Kinangop, kaunti ya Nyandarua, kuna majani ya asili yaotayo kwa mafundo mafundo. Humo huishi ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, Macronyx sharpei, asiyepatikana nje ya Kenya, na ambaye hawezi kuishi bila ya majani hayo. Mradi wa umeme wa upepo wa kiasi cha megawati 60 ulipangwa kujengwa huko. Wakulima walikuwa na wasiwasi juu ya ardhi yao na usalama wao. Mabishano yakageuka ghasia, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Lakini nyanda za Kinangop hazikuokoka kwa kufutwa huko. Majani ya asili yameendelea kulimwa na kugeuzwa mashamba ya viazi na mazao mengine. Fundisho lake ni mawili: mradi usiokubaliwa na wenyeji hausimami, na kuuzuia mradi si sawa na kuuhifadhi uoto.

Huko Kipeto, kaunti ya Kajiado, mambo yalikwenda njia nyingine. Kituo cha upepo cha megawati 100, chenye mitambo 60, kilianza kazi mwaka 2021 katika nyanda za malisho. Tatizo lake lilikuwa tumbusi, ndege walio katika hatari ya kutoweka, ambao huruka juu ya nyanda hizo wakitafuta mizoga. Watazamaji waliofundishwa huangalia anga, na tumbusi akikaribia, huamuru mtambo usimamishwe. Zaidi ya hayo, mradi umeshiriki katika kupunguza utiaji sumu wa mizoga, ambao huwaua tumbusi wengi. Wenye ardhi wameikodisha na mifugo yao inaendelea kula majani chini ya mitambo. Hapa gharama ya kuhifadhi iliingizwa ndani ya gharama ya mradi.

Mfano ulio karibu: Chumbe

Mfano mwingine uko karibu na Unguja yenyewe. Kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, kina mwamba wa matumbawe uliohifadhiwa tangu mwaka 1994, na msitu wa maweni uliofungwa kwa hifadhi. Nyumba saba za wageni zilijengwa huko bila ya kuleta waya wa umeme wala kuchimba kisima. Mapaa yake hufanya kazi mbili: hukinga mvua na kuipeleka katika matangi ya chini, na hubeba paneli za jua za kutoa mwanga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 paa nunga walihamishiwa katika msitu huo ili wapate kimbilio.

Yaani, katika kisiwa hicho kidogo, paa la nyumba lilipewa kazi ya umeme, na paa wa maweni akaachiwa msitu wake. Ni kweli kwamba mahitaji ya nyumba saba si mahitaji ya mji mzima. Hata hivyo mpango wake ni sahihi, na mpango sahihi waweza kukuzwa.

Ngazi ya kuchagua mahali

Kutokana na maelezo haya, inawezekana kupanga utaratibu wa kuchagua mahali pa paneli kama ngazi, ambayo mtu huikwea kuanzia chini na asiruke kidato.

Kidato cha kwanza ni mapaa yaliyopo: skuli, hospitali, maghala, masoko, mahoteli na nyumba. Kidato hiki kina vikwazo vyake. Upepo wa bahari wenye chumvi hula vyuma. Mapaa mengine hayana nguvu ya kubeba mzigo. Na katika majumba ya ghorofa kama ya Kikwajuni paa moja ni la jamaa nyingi, hivyo pahitajika mapatano juu ya nani atagharimia na nani atafaidi. Katika Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, sura ya mapaa nayo ni lazima ihifadhiwe. Umeme wa mapaa pia huweza kugharimu zaidi kwa kila uniti kuliko ule wa kituo kikubwa.

Kidato cha pili ni ardhi iliyokwisha kuvunjika: machimbo ya zamani ya mchanga na kokoto, viwanja vya kuegesha magari, na maeneo yaliyo karibu na vituo vya umeme vilivyopo, ambako hakuna haja ya kukata njia mpya ya nyaya.

Kidato cha tatu ni mashamba yaliyochoka na uwanda wa malisho, kwa masharti. Paneli ziinuliwe juu ya nguzo. Ardhi isisawazishwe kwa tingatinga. Majani ya asili yaachwe yaote chini yake. Na uzio uachwe na mianya ya wanyama wadogo. Huko Marekani baadhi ya vituo vimepandwa majani na maua ya asili chini ya paneli, na nyuki wamerudi. Kondoo huletwa kuyapunguza majani hayo mahali pa mashine. Kondoo hufaa kuliko mbuzi, kwani mbuzi atapanda juu ya paneli.

Kidato cha mwisho ni msitu wa maweni wenye afya. Huko paneli zisifike, maadamu vidato vitatu vya kwanza havijamalizwa.

Sheria zipo za kusaidia utaratibu huu. Sheria ya misitu ya Zanzibar ni ya mwaka 1996, na sheria ya usimamizi wa mazingira ni ya mwaka 2015; hii ya pili inataka athari za miradi mikubwa zichunguzwe kabla ya ujenzi. Lakini uchunguzi una faida ukifanywa mahali pakiwa bado hapajachaguliwa. Ukifanywa baada ya hapo, huwa ni karatasi ya kuhalalisha yaliyokwisha kuamuliwa.

Wataalamu wanahitajika pia, wala si lazima wote watoke mbali. Akina mama wa vijijini Zanzibar, baadhi yao wasiopata kusoma skuli kwa muda mrefu, wamekwisha kufundishwa kufunga na kutengeneza vifaa vya umeme wa jua, kwanza huko India na baadaye katika chuo cha Kinyasini, Unguja. Ikiwa wao wameweza, mwanafunzi wa sekondari hana udhuru.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Uoto wa asili ndio mbachao wa Unguja, mkeka mkongwe uliotandikwa juu ya mawe. Umeme wa jua ni msala mpya, na unahitajika. Palipo na busara, msala hutandikwa mahali pake na mbachao haung'olewi.

Maswali na kazi za darasani

1. Pimeni urefu na upana wa paa la skuli yenu kwa kupima kuta zake chini. Ikiwa asilimia 60 ya paa hilo inafaa kuwekwa paneli, tafuteni ni kilowati ngapi zinaweza kupatikana saa sita mchana.

2. Paa la kilowati 12 likifanya kazi kwa kiasi kilicho sawa na saa 4 za jua kamili kwa siku, litatoa uniti ngapi? Linganisheni na matumizi ya siku moja ya nyumba moja, kwa kusoma mita ya umeme.

3. Tengenezeni fremu ya mraba yenye upande wa mita 1. Iwekeni mara kumi mahali penye uoto wa asili, na mara kumi mahali palipofyekwa. Hesabuni aina za mimea kila mara, kisha tafuteni wastani wa kila mahali. Tofauti hiyo inafundisha nini?

4. Chukueni ramani ya wilaya yenu. Tieni alama ya kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha mwisho kwa rangi nne mbalimbali. Waulizeni wazee wa mahali kuhusu ardhi ambayo ramani haionyeshi kitu: ina jina gani, na nani huitumia, kwa kuni, malisho, asali au dawa?

5. Jadilini: Je, jamaa zinazoishi katika jumba moja la ghorofa zigawane vipi gharama na faida ya paneli zilizowekwa juu ya paa lao?